Mvinyo wa Kisiwani na Hila za Mpole

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Leo kabla ya chakula cha mchana Mama mwenye hoteli alituita wahudumu wote ukumbini. Mkuu wa ukumbi anastaafu. Miguu yake imechoka. Yangu pia imechoka, ila mimi hakuna aliyeniuliza.

Nafasi yake inagombewa na wawili: mimi, na mtu wa baa ambaye kila mtu humwita Mpole. Mama anataka kuweka kwenye menyu mvinyo mweupe kutoka kile kisiwa chenye jua mwaka mzima, alikoolewa dada yake. Wakala wa mvinyo huo ameshaleta kreti ya chupa za kuonjesha, kila aina mbili mbili. Mpole achague mvinyo wake, nami nichague wangu, wa kunywewa na samaki. Ijumaa Mama na dada yake wataonja bila kuona lebo. Atakayechagua vizuri ndiye mkuu.

Mkuu wa ukumbi ana kiti. Kiko pale mlangoni, kina mto, na mwingine haruhusiwi kukikalia. Miaka yote nimekipita na sinia mkononi. Sina tamaa ya makubwa. Nataka kukaa tu.

Mkutano ulipokwisha, Mpole alinijia, akanipa mkono, akaniuliza kama pacha wangu hawajambo. Tunagombea kiti, na yeye ananiulizia watoto. Nikamjibu hawajambo. Moyoni nikasema, kumbe umeshaanza.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Ameniwekea mtego mapema kuliko nilivyodhani.

Nilikuwa stoo, nazigeuza chupa moja moja kama mtu anayechagua nazi. Mpole akaja akasimama kando yangu. Bila kuulizwa, akaanza kunifundisha. Huu mkavu, yaani hauna sukari, zabibu zake zimeota juu mlimani kwenye udongo wa majivu ya volkano. Ni mkali kidogo kama ndimu, una chumvi kwa mbali, na hakuna unaoelewana na samaki kama huu. Huu wa pwani ni laini, wa kunywa umekaa kivulini unapiga soga. Na huu wa rangi ya asali ni wa zabibu zilizoanikwa juani mpaka zikasinyaa. Mtamu sana. Huo ni wa mwisho wa mlo, akasema, ukiuweka mbele ya samaki umejimaliza. Akaongeza kwamba mvinyo mweupe upoe tu, usiwekwe kwenye friza.

Nikamuuliza kwa nini ananieleza yote haya.

"Kaka, si tunafanya kazi pamoja?" akasema.

Hapo ndipo nilipomjua. Hakuna mtu anayemwaga siri zake bure mbele ya mshindani. Kama anasema wa mlimani, basi kwenye mlima ndiko kuna shimo. Nimechagua wa rangi ya asali.

Lakini mimi si mtu wa kukurupuka. Nilimpigia simu wakala, nikamuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, katika hizi chupa zako ni upi unaofaa samaki. Akasema wa mlimani. Maneno yaleyale, mpaka ndimu, mpaka chumvi.

Basi na wakala ameshapangwa. Mpole ana mkono mrefu.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Mazoezi nyumbani. Nimegundua kwamba mwonjaji hasa huzungusha glasi, hunusa, hufumba macho, kisha husema jambo lisilohusiana kabisa na kinywaji. Nilitumia juisi ya tufaha kwa kuwa rangi inafanana. Mke wangu alikuwa anapiga pasi sare yangu. Akaniuliza kama nimedondosha kitu humo ndani ya glasi, anisaidie kukitafuta.

Nikamwambia nasikia harufu ya jiwe lililonyeshewa mvua, na mbali kidogo, tandiko la farasi.

"Ni tufaha, Baba Pacha," akasema. "Umenunua mwenyewe."

Pacha nao wakataka kunusa. Wakasema tufaha. Nyumba hii haina watu wa kuniinua.

Mara simu ya mke wangu ikaita. Akatoka nayo kibarazani. Nikasogea dirishani kurekebisha pazia. Nikamsikia akicheka. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Usijali, simwambii."

Aliporudi nikamuuliza ni nani. Mpole, akasema, wala hakubabaika. Eti alikuwa anauliza kama naumwa, maana mchana sikugusa chakula. Na nini hicho usichoniambia? Eti aliomba asinitajie, nisije nikaona ananifuatilia.

Ni kweli sikula. Sikula kwa sababu sahani aliniletea yeye.

Nimelala sebuleni. Mke wangu hakuuliza sababu. Hilo nalo linatia shaka.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Siku ngumu.

Niliamka na wazo safi. Mpole alisema mvinyo usiwekwe kwenye friza. Maana yake friza ndiyo siri yenyewe. Nikafika kazini kabla ya wengine, nikaificha ile chupa yangu ya rangi ya asali ndani ya friza ya jikoni, katikati ya samaki, chini kabisa, ambako hata mpishi hafiki.

Nilitaka kuitoa baada ya staftahi. Lakini Mpole alikuwa anapita pita karibu na jikoni, na sikutaka ajue nimegundua siri. Nikangoja. Akapita tena. Nikangoja tena.

Mchana nikasikia mpishi akiniita kwa jina langu lote, mpaka la babu. Nikaenda. Mvinyo ulikuwa umeganda, ukavimba, ukakisukuma kizibo nje, na nusu yake ilikuwa imewamwagikia samaki. Mpishi aliniambia kwamba katika maisha yake amepika samaki wa kila namna, ila samaki wa sharubati hajawahi. Alisema mengine pia. Sitayaandika.

Nikaichukua chupa. Nikaiweka juani nyuma ya jiko mpaka ikayeyuka, nikaifuta magamba, nikarudisha kizibo kwa kukigonga na mchi. Kwa nje hakionekani kitu. Nilipoinusa niliona kama ina harufu ya bandarini, lakini huenda ndiyo hiyo harufu ya kisiwa wanayoisifia.

Chupa ya pili ya aina ileile ilikuwepo kwenye kreti. Niliiona. Lakini ilikuwa imesogezwa mbele, imesimama peke yake, kana kwamba mtu anataka niichukue. Sikuigusa.

Mpole alinikuta nikiosha mikono. Akatazama chupa, akatazama kizibo, akanusa kidogo. Akanishika bega tu, akaenda zake.

Anajiona ameshashinda.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Nimedhulumiwa, na ushahidi niliuona kwa macho yangu.

Meza iliwekwa kwenye chumba kidogo cha wageni. Chupa mbili, kila moja imeviringishwa kitambaa cheupe. Yangu imefungwa utepe wa buluu, ya Mpole wa kijani. Mama na dada yake walikuwa bado wanaongea ofisini. Mpole akaenda kupanga glasi. Mimi nikabaki nyuma ya mlango wa kioo, nikachungulia.

Nikamwona! Alifungua utepe wa buluu. Akatoa chupa yangu, akaiweka chini ya meza. Akachukua chupa nyingine mfukoni mwa aproni yake, akaiviringisha kitambaa changu, akafunga utepe wangu. Taratibu kabisa, kama mtu anayemvalisha mtoto wake.

Wiki nzima nilikuwa najua, lakini kujua ni kitu kimoja na kuona ni kingine.

Alipotoka kufuata barafu nikaingia. Nikaitoa ile chupa yake ya hila, nikaisukuma chini ya meza. Nikairudisha yangu halali mahali pake. Utepe wa buluu. Fundo mara mbili. Kisha nikasimama ukutani, mikono nyuma, nikatulia tuli.

Wakaingia. Dada yake Mama ni mwanamke mwembamba mwenye kofia pana, anazungumza polepole. Walianza na wa kijani. Akaonja, kisha akasema anauona ule mlima, na upepo wa asubuhi, na mume wake marehemu akirudi na kikapu. Mama akamshika mkono. Mimi mwenyewe nilimeza mate.

Kisha wa buluu.

Dada yake Mama aliuweka mdomoni, akatazama dari. Akaendelea kuitazama. Mwisho akauliza kwa upole kama samaki ameshapitishwa humu ndani.

Mama alinusa glasi, akaiweka mbali. "Hii ni ya nani?"

Nikasema chupa zimebadilishwa. Nikasema nimeona kwa macho yangu. Nikamnyooshea Mpole kidole, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mtu yeyote ukumbini mle.

Mama akamgeukia. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama," Mpole akasema.

Nilifikiri kiti ni changu.

"Chupa yake ilipata ajali jana," akaendelea. "Nikaona si haki ahukumiwe kwa ajali. Nikamwekea ile ya pili ya mlimani. Sasa sijui imekwenda wapi."

Nikatazama viatu vyangu. Mama akainama akatazama chini ya meza, akaiona. Wakaifungua. Dada yake Mama akasema hii ndiyo yenyewe, tena imetulia kuliko ya kwanza. Mama akanipa glasi, akaniambia nami nionje, angalau nijue nilichokitupa.

Nikaonja. Ndimu, mbali kidogo chumvi, na ubaridi mzuri kama wa maji ya mtungi. Ulikuwa mtamu bila kuwa na utamu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mtu amenidanganya wiki nzima kwa kusema ukweli.

Mpole ndiye mkuu wa ukumbi.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Nimemweleza mke wangu yote, nikimtazama usoni nione kama atashtuka. Hakushtuka. Akasema, "Yaani mwenzako alikupa ushindi mkononi, ukautupa chini ya meza."

Hivyo ndivyo Mpole anavyotaka ionekane. Kama kweli alitaka nishinde, angeniambia waziwazi nichague wa mlimani. (Ndiyo, aliniambia. Lakini aliniambia kwa namna ambayo alijua sitamwamini.)

Kazini akaniita pembeni. Akaniambia wakati ambao hakuna wageni nikikalie kile kiti, yeye kwenye baa amezoea kusimama, na ameona magoti yangu yananisumbua. Nilikizunguka kiti. Nikakagua miguu yake yote, nikaubonyeza mto. Sikuona kitu. Ndipo nikajua ni jambo la hatari kubwa. Nimesimama siku nzima.

Jioni akanijia na jingine. Amemwomba Mama nikabidhiwe stoo ya mvinyo. Mama alikataa, yeye akasisitiza. Alisema wiki hii nimejifunza mvinyo kwa shida, na aliyejifunza kwa shida hasahau. Akanipa ufunguo. Yeye amebaki na wa akiba, na Mama ana wake.

Nilimshukuru. Nikatoka nje, nikasimama uani kidogo, sijui kwa nini.

Kisha nikaanza kufikiri. Mtu anakupa stoo, naye anabaki na ufunguo. Chupa zikipungua, atalaumiwa nani?

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Ametegwa.

Leo ni karamu kubwa. Dada yake Mama amewaalika wakulima wenyewe wa kisiwani, wamekuja kuona mvinyo wao unavyoandaliwa. Ukumbi mzima umehifadhiwa. Samaki wa kutosha. Kreti zote za mvinyo wa mlimani ziko stoo, nimezipanga mwenyewe kwa mkono wangu, lebo zinatazama mbele. Kazi safi.

Mchana, watu wakiwa wanatandika meza, nilimwingiza fundi kwa mlango wa nyuma, akabadilisha kitasa cha stoo. Sasa kuna ufunguo mmoja tu, na uko shingoni mwangu. Nikamwambia mpishi kichwa kinaniuma, nikaja nyumbani.

Hesabu yangu ni nyepesi. Mtu asiye na nia mbaya hatajua kama kitasa kimebadilishwa, kwa sababu hatajaribu kufungua. Atakayelalamika kwamba mlango haufunguki, huyo ndiye mwizi. Kilichobaki ni kukaa na kungoja simu.

Nimekaa. Mke wangu ananitazama kwa jicho la pembeni.

Jua halijazama, simu ikaita. Mpole. Sikupokea. Nilicheka peke yangu mpaka pacha wakaja kuangalia. Akapiga tena, na tena. Mtu wa haki hana haraka ya namna hiyo.

Kisha akapiga Mama. Hili sikulitegemea. Nimekaa nikalitafakari, na linaniumiza, maana ni mwanamke niliyemheshimu.

Kisha mpishi. Kisha mlinzi wa getini. Kisha wakala, huyo nilishamjua tangu zamani. Sasa simu ya mke wangu inaita, na ananiambia ni dada yake Mama, analia.

Nimezima simu zote mbili. Sikujua kama wako wengi kiasi hiki.