Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa shule katangaza: Ijumaa atamteua mkuu wa idara ya hisabati. Tuko wawili tu, mimi na Shemeji, kaka yake mke wangu. Kazi hapa nilimtafutia mimi mwenyewe! Sasa wanafunzi wanamshangilia, na juzi mama mkwe kaniambia nijifunze kwa mwanawe namna ya kusalimia watu. Dawati langu liko mlangoni mwa choo cha walimu, miaka nenda rudi. Mkuu wa idara ana ofisi yake na ufunguo wake. Naitaka ofisi ile.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Nitagundua namba tasa kubwa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimechagua 1,000,001. Isome mbele, isome nyuma, ni ileile. Nimeigawa kwa mkono, tasa moja baada ya nyingine. Saba: inabaki. Kumi na tatu: inabaki. Mpaka tisini na saba, bado inabaki. Hapo nikaweka kalamu chini. Namba iliyogoma njia yote hiyo itakuja kulegea baada ya mia? Mke wangu kasema kaka yake angeendelea mpaka elfu. Chakula kikanishinda.

Alhamisi, 6 Juni
Fundi rangi kamaliza. Juu ya mlango wa idara, kwa rangi nyekundu: 1,000,001 NI TASA. Chini yake, jina langu. Fundi kauliza ina faida gani. Nimemwambia apake rangi. Shemeji kapita, kasimama, kainamisha kichwa upande, kaenda zake darasani. Wivu huo!

Ijumaa, 7 Juni
Aibu. Kikao cha walimu wote. Mkuu kamwomba Shemeji aseme neno juu ya ugunduzi wangu. Kasema, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba 9,901 mara mia ni 990,100. Ongeza 9,901 nyingine, unapata milioni moja na moja. Kwa hiyo inagawanyika kwa 101. Hata kalamu hakushika! Na 101 ndiyo tasa inayofuata pale nilipoishia. Inayofuata! Wamecheka wote, hadi mwalimu wa dini. Ofisi kapewa yeye. Kanipa mkono, eti mlango wake utakuwa wazi kwangu siku zote. Nimejifungia chooni nikalia. Angalau si mbali.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe kaandaa chakula cha kumpongeza mwanawe. Sikwenda. Nina kazi. Kosa langu nimeliona: namba ilikuwa ndogo! Nimeongeza sifuri mbili, imekuwa 100,000,001. Tatu, inabaki. Saba, inabaki. Kumi na moja, kumi na tatu, inabaki. Yatosha, tabia yake nimeshaijua. Fundi rangi anakuja kesho asubuhi. Mke wangu karudi kutoka huko kwao, kachungulia begani kwangu, kauliza kama nimejaribu kumi na saba.
Ukoo mzima una wivu.