Mwezi Usiofika Tarehe Thelathini

Jumamosi, 22 Agosti

Nimesalitiwa! Na kompyuta!

Nieleze vizuri, maana shajara hii huenda siku moja ikasomwa na watu wenye akili. Nakaa kwa Dada yangu na mumewe. Nilikuja kupumzika wikendi moja. Wikendi hiyo imeingia mwaka wa pili sasa, na sioni kwa nini watu wanaihesabu.

Shemeji ni karani mstaafu. Maisha yake yote kayaweka ndani ya kompyuta kuukuu pale sebuleni, jitu lililopauka, linalounguruma kama lori linapanda mlima. Kalijaza vikumbusho. Kengele ikilia, herufi kubwa zinajaa skrini: KUNYWA DAWA YA PRESHA. Anakunywa. MWAGILIA MAUA. Anamwagilia, hata kama mvua inanyesha. Isipolia, hafanyi kitu. Juzi alikaa mezani akikodolea macho chakula kinachopoa mpaka kengele ilipompa ruhusa.

Asubuhi nimepita nyuma ya kiti chake, nikaona anachokiandika. Tarehe 30, saa mbili asubuhi: SHEMEJI AHAME.

Mwanzoni nikamwonea huruma huyo shemeji. Kisha nikakumbuka ndiye mimi.

Nikamuuliza Dada kwa upole kulikoni. Akasema chumba changu kinahitajika. Nikauliza kinahitajika na nani. Akanyoosha kidole ukumbini. Baiskeli ya mazoezi! Amenunua baiskeli isiyokwenda popote, halafu mimi ndiye niambiwe niende. Nimeitundikia suruali yangu mbichi, iipate.

Lakini mimi si wa kulala njaa huku chungu kiko jikoni. Kengele italia tarehe 30. Tarehe 30 isipofika, kengele hailii. Rahisi! Walipotoka kwenda sokoni nikakaa mbele ya lile jitu, nikairudisha tarehe nyuma mwaka mzima. Mwaka jana wakati kama huu Shemeji alikuwa bado ananichekea. Saa ya pembeni mwa skrini ni ndogo mno, haioni hata akivaa miwani miwili, na kalenda ya ukutani hana. Anasema ni ushamba.

Nimelala mchana kwa amani.

Jumapili, 23 Agosti

Intaneti imekufa. Mimi simo! Niligusa tarehe tu.

Kumbe wiki yenyewe ndiyo hii. Shemeji hucheza drafti kwa intaneti na mstaafu mwenzake wa mji mwingine, daktari wa wanyama, tunamwita Bwana Mifugo. Miaka yote hajawahi kumshinda. Sasa wamekutana fainali ya mashindano ya wastaafu, Alhamisi saa kumi jioni. Shemeji hali vizuri, anasogeza vizibo vya chupa mezani na kusema peke yake. Na leo ukurasa wa drafti umegoma kufunguka. Kwenye simu ya Dada hataki, vidole vyake vinene, kila akigusa kete moja zinasogea mbili.

Nikaitwa mimi. Nani mwingine? Humu ndani fundi ni mimi. Nilipojaribu kuufungua ukurasa, ukatokea ujumbe mrefu. Nikaufunga chapchap. Fundi hasomi ujumbe, ujumbe ni wa wateja.

Nikatangaza ugonjwa: njia imeziba. Kile kisanduku cha intaneti chenye taa za kijani nikakipandisha juu ya friji. Wapi! Nikakipeleka dirishani. Wapi! Nikakiweka juu ya kiti cha baiskeli, kikaanguka, taa moja ikawa nyekundu. Nikawaambia ni dalili nzuri.

Dada akauliza ule ujumbe ulikuwa unasemaje. Dada ni mkutubi, anasoma kila kitu, mpaka maandishi ya kwenye kiberiti. Nikamjibu ni mambo ya kitaalamu.

Shemeji akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. Akasema nikiirudisha intaneti kabla ya Alhamisi saa kumi, nitakaa hapa mpaka nichoke mwenyewe. Mbele ya Dada! Dada akaitazama baiskeli. Mimi pia nikaitazama, kwa dharau.

Jumatatu, 24 Agosti

Nimelifungua jitu tumboni. Vumbi la kujaza ndoo, kifungo cha shati la Shemeji, na mjusi aliyekauka. Nikamwinua mjusi kwa mkia, nikawaonyesha. Mkosaji huyu hapa! Shemeji akapiga makofi. Tukafunga, tukawasha. Ujumbe uleule. Nikaufunga. Mjusi wa watu nimemsingizia bure.

Nikahamia kwenye programu. Kila nisiyoijua jina nikaifuta. Halafu nikabonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja, kama nilivyomwona fundi mmoja akifanya zamani, na picha yote ikalala ubavu. Kushoto imekuwa juu, kulia imekuwa chini. Nimehangaika nayo mpaka jasho likaniingia machoni. Haikuamka.

Ndipo akili ikanijia: nikailaza na skrini yenyewe ubavu. Imekaa sawa kabisa! Nimeiegemeza na matofali na kamusi ya Dada. Shemeji amesema mimi ni mtu wa ajabu. Dada naye amesema hivyohivyo, ila kwa sauti nyingine.

Jumanne, 25 Agosti

Kimenuka.

Asubuhi kengele ikalia: DAKTARI WA MENO, SAA TATU. Shemeji akashangaa. Akasema hakumbuki kuandika miadi hiyo, na jino haliumi. Mimi nikaganda na kikombe mkononi. Nilijua mara moja. Kengele ile ni ya mwaka jana! Tarehe nimeirudisha, na vikumbusho vya mwaka jana vimefufuka vyote.

Ningeweza kumzuia. Kwa kusema nini? Kwamba nimeigusa tarehe? Thubutu! Nikamtafutia koti.

Karudi saa sita, shavu limevimba kama kaficha limau. Jina lake hawakulikuta kwenye orodha, lakini kwa kuwa alishafika, daktari akamwangalia. Ametolewa meno mawili. Daktari amemsifu kwa kuwahi.

Dada akamuuliza nani aliyemwita huko. Shemeji, mdomo bado una ganzi, akasema kengele. Dada akanigeukia. Mimi nikawa nachunguza dari. Ina ufa mmoja mdogo, nitawaambia.

Intaneti bado.

Jumatano, 26 Agosti

Nimepiga simu kampuni ya intaneti. Nimesubiri na muziki wao mpaka nikaanza kuupenda. Hatimaye akapokea binti mmoja, sauti tamu. Akauliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nikamwambia asinivunjie heshima. Akauliza ujumbe kwenye skrini unasemaje. Nikamwambia sikupiga simu ili nisomeshwe. Basi akauliza, taratibu tu, kama tarehe ya kompyuta ni ya leo.

Nikakata simu!

Amejuaje? Nani amemwambia? Ni wazi Dada kawahi kuwapigia ili wanipeleleze. Nimekizima kile kisanduku na kukifunika kwa taulo, wasituone.

Jioni Shemeji alikaa mbele ya ile skrini iliyolala, akisogeza vizibo vyake. Akaniambia, maneno yakimtoka kwa shida kwenye uvimbe, kwamba tangu astaafu hakuna anayemngojea popote, ila Bwana Mifugo kila jioni saa kumi. Nikahisi kitu kinanichoma moyoni. Huenda ni huruma. Huenda ni yale maharage, yalikuwa na pilipili nyingi.

Kesho ni kufa na kupona. Mimi au baiskeli.

Alhamisi, 27 Agosti

Ya leo lazima niyaandike yote.

Asubuhi kengele imelia. Sote watatu tukaja kusoma. SHEMEJI AHAME. Na chini yake: IMEAHIRISHWA. AMELIA.

Kwanza, sikulia. Nilikuwa na mafua. Pili, Shemeji akakuna kichwa, akasema hicho kikumbusho mbona ni cha mwaka jana, na alishakifunga. Dada akakaa, akakifunua kisanduku taulo, akakiwasha, akaufungua ukurasa wa drafti. Ujumbe ukatokea. Nikanyoosha mkono kuufunga, akanipiga kofi vidoleni. Akausoma kwa sauti, polepole, kama anawasomea watoto maktabani: saa ya kompyuta hii iko nyuma, rekebisha tarehe ndipo uendelee.

Siku tano! Siku tano lilikuwa linatuambia.

Dada akageuka na kiti chake. Akataka kujua nani kairudisha tarehe. Nikaruka kimanga. Nikasema kompyuta kuukuu ndivyo zilivyo, zina kibetri ndani, kikichoka zinasahau miaka. Na ni kweli, huwa zinasahau! Nilishawahi kusikia. Dada akataka kunijibu, lakini Shemeji kashaniganda shingoni, ananiita mkombozi. Nikairekebisha tarehe mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Ukurasa ukafunguka! Ubao wa drafti, kete zote mahali pake, na salamu za Bwana Mifugo: aliuliza kama Shemeji ameogopa.

Shemeji akarudia ahadi yake. Nitakaa mpaka nichoke mwenyewe. Dada akapumua kwa nguvu, akaenda jikoni. Nikaichukua baiskeli, nikaisukuma mpaka nyuma ya mlango wa stoo. Kwaheri, mama!

Hapo ningetulia. Mtu wa kawaida angetulia.

Lakini saa kumi ilipokaribia, Shemeji akaenda bafuni kusukutua kwa maji ya chumvi, nami nikabaki na fikra zangu. Ahadi ni maneno. Kengele ni kengele. Jumapili, tarehe 30, litalia lile neno, na mtu huyu ameng'oa meno mawili kwa sababu ya kengele! Kukifuta kikumbusho sikuweza, kina neno la siri. Kurudisha tarehe nyuma, nimeona matokeo yake. Basi nisirudishe nyuma. Niipeleke mbele! Niiruke tarehe 30 yote, nitue tarehe 5 Septemba. Kengele iliyopitwa italia vipi?

Kumbe inalia. Zote zinalia! DAWA. MAUA. DAWA. MAUA. DAWA. MAUA. Moja juu ya nyingine, nikizifunga mbili zinakuja tatu. Ya SHEMEJI AHAME nikaibonyeza mara ngapi sijui, ikagoma kufungika, ikabaki katikati ya skrini. Na nyuma yake ubao wa drafti ukatoweka. Ujumbe mpya: saa ya kompyuta hii iko mbele.

Shemeji akatoka bafuni, povu la chumvi mdomoni. Akasogea, akasoma. Nikamwambia ni majaribio tu. Nikamkumbusha ahadi, nikamwita kaka, nikamwita baba. Macho yalimtoka, yakawa yanakwenda kwangu, kwenye skrini, kwangu, kwenye skrini. Alikuwa anateseka kweli. Lakini mtu huyu hajawahi kuibishia kengele. Akaenda chumbani kwangu, akarudi na begi langu. Alikuwa hata amelifunga zipu vizuri.

Dada akatoka jikoni na kitunguu mkononi. Akakiweka mezani, akakaa, akairudisha tarehe mahali pake, akaisimamisha skrini, akabonyeza vitufe viwili na picha ikasimama wima, kisha akarudi kwenye kitunguu chake. Haikufika hata dakika moja. Wiki nzima aliweza! Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akasema nilimwambia ni mambo ya kitaalamu.

Nilikuwa sijafika mbali na geti niliposikia kete za drafti zinaanza kugonga.

Jumatatu, 31 Agosti

Niko kwa Mjomba, mdogo wake marehemu mama. Anaishi peke yake, mtu wa heshima, kitanda cha wageni kizuri, magodoro mawili. Kanipokea kwa mikono miwili. Akasema nijisikie nyumbani. Kisha, bila kupepesa macho, akasema mpaka tarehe 7.

Dada amepiga simu. Shemeji ameshinda! Bwana Mifugo amekubali kushindwa, na sasa wanacheza tena kila jioni kama kawaida. Kikombe kimeletwa jana. Kimewekwa chumbani kwangu, kwenye meza yangu, mbele ya baiskeli. Shemeji ananisalimu, na anasema anaikumbuka ile siku ya mjusi. Nimefurahi, kusema kweli. Nimefurahi mpaka nikajipangusa macho. Mafua tena.

Kabla ya kukata simu, Dada akasema anatumaini nimejifunza kitu. Kama nimejifunza! Nimejifunza kwamba kompyuta haziaminiki. Zina kengele, zina ujumbe, zina neno la siri, zinakumbuka mambo ya watu ya mwaka jana. Kosa langu lilikuwa kutegemea mashine.

Mjomba hana kompyuta. Nimekagua nyumba nzima. Ana kalenda tu ya ukutani, ile ya kuchana, na hiyo ndiyo anayoitegemea. Kila asubuhi kabla ya chai anachana karatasi moja, anaisoma tarehe kwa sauti, na karatasi anaitupa kwenye kikapu kilicho chini yake.

Hamwagi kikapu mpaka Jumamosi. Nimeshanunua gundi.