Kipeo Ambacho Hakipo

Jumatatu, 3 Juni 1996
Tadea ameuliza. Nilijua siku hii ingefika. Tangu chama cha ushirika kiniachishe ukarani, nimefundisha tuisheni kwa amani: vipeo vya mbili, vya tatu, hata vya nusu. Leo: Mwalimu, kipeo kikiwa i, namba inajizidisha mara ngapi? Nikamjibu kwamba i ni namba ya kufikirika, basi inajizidisha kwa kufikirika. Wenzake watatu wameridhika. Yeye hapana. Mkaidi! Ijumaa shule yao inatoa jaribio. Atakayeshindwa anaondolewa kwenye Hisabati. Baba yake, huko Lipingo, alishasema: ama uhandisi, ama arudi ziwani kuanika usipa, wale dagaa wa huko.

Jumanne, 4 Juni
Tadea ameomba kuhamia kwa Clemence, mwenye tuisheni karibu na soko. Nikamwambia Clemence ana surua. Alasiri nimekwenda kuchungulia dirishani kwa Clemence. Mzima kabisa! Mezani ana mashine ya kumenyea kahawa. Katia alama ya chaki kwenye gurudumu, anazungusha mpini. Anasema kipeo cha kawaida hukuza namba, lakini ile namba e ikipewa kipeo cha kufikirika haikui, inazunguka. Kipeo kikiwa i mara pai, ni nusu mzunguko: chaki imehamia upande wa pili, moja imekuwa hasi moja. Wanafunzi wakapiga makofi. Siri yake nimeipata. Ni mashine!

Jumatano, 5 Juni
Nimebeba yetu. Mke wangu Hedwiga amelalamika: huu ni msimu, kahawa mbivu zitachacha. Nikamwambia elimu haingoji. Darasani nimezungusha kwa nguvu zote. Tadea akauliza ni robo mzunguko au nusu. Nikasema tutazungusha mpaka ieleweke. Kidole changu kikaingia. Damu ubaoni. Somo limeahirishwa.

Alhamisi, 6 Juni
Tadea tena! i yenyewe ikipewa kipeo i, je? Amelifikiria peke yake. Eti i ni robo mzunguko, na huenda kuuzungusha mzunguko wenyewe kunaturudisha kwenye namba za kawaida. Macho yanang'aa. Nimemzima mapema. Cha kufikirika juu ya cha kufikirika: hakipo. Aandike hivyo. Akauliza, kweli, Mwalimu? Nikamkumbusha kwamba hesabu za chama kizima cha ushirika nilizipiga mimi. (Chama kilifilisika, lakini hilo hakuliuliza.)

Ijumaa, 7 Juni
Swali lililobeba alama nyingi lilikuwa hilohilo! Wangu wote wanne wameandika "hakipo". Nimenunua soda.

Jumatatu, 10 Juni
Kipo. Ni namba halisi, kama moja ya tano hivi. Halisi! Nani angedhani? Wote wanne wameondolewa. Tadea alikuwa amekokotoa mpaka nusu, akakata kwa mstari, akaandika jibu langu. Clemence kapita mlangoni, kauliza kwa sauti kama surua yake imepona. Watu wamecheka. Hedwiga ametupa kahawa zilizochacha. Hasemi nami.

Jumatano, 12 Juni
Baba yake Tadea, Mzee Hyasinti, amekuja kumchukua. Nikamwamkia, Shikamoo, Mzee. Ameitikia kwa upole. Tadea alikuwa tayari juu ya lori, ameketi juu ya magunia, ametazama njia ya ziwani. Hakushuka kuniaga. Mzee amenishukuru kwa jasho langu na kidole changu. Amesema kosa ni la kichwa cha binti, mwalimu hakosei. Sikuona sababu ya kubishana na mtu mzima.

Ameniachia usipa wakavu, debe zima, na binti yake mdogo, Glorious, wa kidato cha kwanza. Anataka huyu nimwahi mapema, asiharibike kama dada yake. Mtoto mwenye adabu. Haulizi maswali. Jioni tumeanza namba hasi. Nimemfundisha kwamba hasi mara hasi ni hasi zaidi.

Amesema ahsante, Mwalimu.