Vita vya Saini ya Bwana Ghanim

Jongeeni, enyi mliopanga na enyi mliopangisha, tueni vikombe vya kahawa, msikie habari za Bwana Ghanim bin Yaarub wa Ibra, Omani, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, sultani wa nyumba ya ghorofa moja, mshindi wa vita vya tangi la maji.

Alkhamisi, baada ya alasiri, simu ililia kama baragumu. Alikuwa Hajar, mpangaji wake wa juu, mjane ambaye nusu ya kodi yake hulipwa na jumuiya ya hisani.

"Shikamoo, ami. Nimepata ualimu Sur. Jumapili naanza, Jumamosi nahama."

"Siku mbili!" akanguruma Bwana Ghanim, bila hata kuitika marahaba. "Mkataba wataka mwezi!"

Akafunga kilemba, akautwaa mkataba kama upanga, akazipanda ngazi kumi na nne, akitua mara mbili kama yatuavyo majeshi makubwa, akasimama mlangoni na kuhutubu:

"Ewe Hajar binti Musallam! Jumuiya haikupi nyumba Sur bila ruhusa yangu ya maandishi, na saini yangu, wallahi, haitoki!"

Hajar alikuwa katikati ya maboksi. Machozi yalimlenga, sauti isitetereke. "Kazi hii nimeiomba miaka minne, ami. Nikipokea mshahara, msaada nitauacha, apewe mwingine. Nizuie ukitaka. Ila niambie, nimekukosea nini?"

Hapo jemadari akaishiwa silaha. Alikusudia kunena juu ya kifungu cha saba; ulimi ukamsaliti.

"Nani ataniamkia? Wanangu nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiarabu. Nyumba nzima hii, shikamoo ni yako peke yako."

Hajar akajifuta macho, akacheka. "Ami, Sur si Uchina. Nitakupigia kila asubuhi."

"Kabla ya chai?" akauliza Bwana Ghanim, kama wafalme wawekeanapo masharti ya sulhu.

"Kabla ya chai."

Hajar akamnyooshea karatasi ya ruhusa ya jumuiya; Bwana Ghanim akachomoa kalamu. Kalamu ikagoma. Akaitikisa, akaipulizia, akailaani yenyewe na kiwanda chake, nayo ikabaki kavu. Ndipo Hajar akapekua mkoba na kumkabidhi penseli yake ya wanja.

Basi na ijulikane Ibra yote, hata Nizwa na Bahla, kwamba siku ile, saa kumi na robo, Ghanim bin Yaarub alitia saini kwa wanja mweusi, herufi zote, na tarehe akaiandika mwenyewe.