Papa Hutokea Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Goti limenisaliti. Daktari wa mifupa amelibonyeza kama mtu anayechagua parachichi sokoni, akatikisa kichwa, akasema dawa yake ni moja: mazoezi ndani ya maji. Si kando ya maji. Ndani!

Binti yangu akauliza, na kama baba hataki? Daktari akasema basi ngazi azisahau. Tunaishi ghorofa ya nne. Lifti ilikufa zamani, na mwenye nyumba huizungumzia kama marehemu: anaisifu, haifufui.

Njiani binti akasema, kwa ile sauti laini ambayo mama yake aliitumia kabla ya kuninyima kitu, kwamba ameona nyumba ya kutunzia wazee nje ya mji. Haina ngazi. Ina bustani. Wanataka jibu Ijumaa. Akasema, baba, sikufukuzi, ila siwezi kukubeba.

Bustani! Nimehamishwa na vita, nikahamishwa na kambi, nikahamishwa na barua yenye muhuri. Kila mara waliniambia ninakokwenda kuna miti.

Kwa hiyo bwawa. Liko chini ya ukumbi wa mtaa, ng'ambo ya barabara. Mwalimu wa maji ni rafiki wa binti yangu, kwa hiyo hakuna pa kudanganyia.

Shida ni papa.

Najua hakuna papa kwenye bwawa la ukumbi. Nimesoma vitabu. Lakini ujanani nilikuwa mtu wa tochi katika sinema ya mji wetu. Nilichana tiketi, nikawaonyesha watu viti gizani, kisha nikasimama mbele, mgongo kwa picha, uso kwa watu, nipate kumwona mvuta sigara na mtia miguu kitini. Ile filamu ya papa ilikaa kwetu msimu mzima. Niliisikia kila siku. Sikuiona hata mara moja. Nilichoona ni nyuso. Na ukumbi mzima ukikodolea macho kitu kilicho nyuma ya kisogo chako, basi, kitu hicho hakiondoki tena hapo. Mpaka leo siwezi kunawa uso bila kuacha jicho moja wazi.

Wenzangu wa ukumbini wanajua tu kwamba mimi na papa tunafahamiana vizuri. Hilo nimelisema mara nyingi. Labda nyingi mno.

Jumanne, 4 Machi

Nimevaa kaptula ya mkwe wangu. Ina picha za mananasi. Nimesimama ukingoni. Maji ya upande huu ni ya buluu. Yale ya upande wa kina yana rangi ya kitu kinachongoja. Chini kabisa kuna kiza cha mraba. Mwalimu wa maji anasema ni chujio. Ndivyo wanavyosema siku zote.

Daktari wa Meno alikwisha kuingia. Huyu ni jirani yangu wa chini, mstaafu, aliyeng'oa meno ya watu maisha yake yote na sasa ana miwani ya maji na kofia ya mpira. Aliogelea chali akitema maji juu kama bomba lililopasuka. Mama Mapazia, mshonaji wa mapazia, mjane, mwanamke mwenye akili timamu katika mambo mengine yote, akampigia makofi!

Nikasema nina mafua. Nikakaa kwenye benchi na taulo.

Mwalimu akanikumbusha kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamjibu kwamba mimi nguo nimelivulia benchi. Akasema leo amenisamehe, ila Ijumaa binti yangu anakuja kuangalia, na yeye hatamficha kitu.

Mama Mapazia akaniuliza, Mzee Tochi, kwani unaogopa? Nikasema mtu aliyetazamana na papa ana kwa ana haogopi beseni hili. Daktari wa Meno akasema basi papa mwenyewe anakusalimu, ingia umpe mkono. Wakacheka. Hata mwalimu.

Nikipanda ngazi kurudi (niliegemea fimbo kila ghorofa, ya tatu mara mbili) nikapata wazo. Wazo safi! Kwa nini niogope peke yangu? Nitawaonyesha ile filamu. Ukumbini, kesho mchana. Wakishaiona, hakuna atakayetia hata kidole majini. Bila watu hakuna darasa. Bila darasa hakuna aliyekimbia darasa. Binti atalilaumu bwawa, hatamlaumu baba. Daktari wa mifupa atatafuta dawa nyingine, na wale wa bustani watangoja.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi!

Mkwe ameniazima projekta na kuniwekea filamu. Akauliza kama wazee wataiweza. Nikasema hawataiweza, ndiyo maana. Mama Mapazia ameziba madirisha kwa mapazia mazito ya mteja ambaye hajaja kuyachukua. Giza la heshima kabisa. Viti vyote vikajaa. Nikachukua tochi, nikasimama mahali pangu: mbele, pembeni mwa shuka la picha, mgongo kwa papa. Mtu mmoja akaniuliza kwa nini sikai. Nikamwambia kazi ni kazi.

Ulipoanza ule muziki, miguu yangu ilikumbuka kabla yangu. Jasho mgongoni. Sikugeuka. Na mbele yangu, yale yale! Nyuso zilizozeekea mahali pengine kabisa, zikafanya vile vile walivyofanya watu wetu. Kwanza midomo huacha kutafuna. Kisha mabega hupanda. Kisha mtu humtafuta jirani kwa mkono bila kumwangalia. Kwetu kulikuwa na seremala aliyekuja kila Alhamisi na kuruka pale pale kila Alhamisi, ingawa alijua kabisa kinachokuja. Kulikuwa na mwanamke, muuza vitambaa, aliyeinua miguu yote miwili kutoka sakafuni. Mji wetu ulikuwa mbali na bahari kiasi kwamba hata chumvi ilitufikia kwa lori. Bado aliinua miguu.

Leo Mama Mapazia ameinua miguu. Nimeiona kwa tochi. Kwa muda nikasahau hila yangu. Nilitaka tu kumwonyesha mtu.

Kisha papa akatoka. Nilijua kwa macho yao. Ukumbi mzima ukapiga ukelele, na wa Daktari wa Meno ukapita wote, na meno yake yakamtoka mdomoni. Bandia! Ya juu na ya chini! Mtu aliyetukemea sisi sote kuhusu mswaki! Kweli mganga hajigangi. Akayaokota chini ya kiti, akayafuta kwa leso, akatangaza kwamba papa yule amepangwa meno vibaya, hana hata fizi.

Wameondoka wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Hawarudi majini hawa.

Alhamisi, 6 Machi

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nimefika bwawani nikitarajia mlango umefungwa. Nilikuwa nimeandaa hata uso wa masikitiko. Kelele nimezisikia tangu barabarani. Bwawa limejaa! Wameleta mashemeji. Wamemleta hata mzee wa ghorofa ya pili, ambaye hajawahi kuonekana bila koti. Wote wanaimba ule muziki midomo imefungwa, mmoja anazama, anamshika mwenzake kifundo cha mguu, ukelele, kicheko, kikohozi, haya tena! Mama Mapazia ameshonea kofia yake pezi la kitambaa. Mwalimu wa maji amenishukuru mbele ya kadamnasi. Anasema muda wote huo amewabembeleza wazee kwa habari za afya, kumbe walichotaka ni kutishwa.

Sielewi. Kifo cha wengi harusi, sawa, lakini hawa wamekwenda kumwalika bwana harusi mwenyewe!

Kisha balaa. Wakaanza kubishana papa anatokea upande gani pale mara ya kwanza. Mama Mapazia akasema ya nini kubishana, si tuna Mzee Tochi hapa. Nikasema bila kusita: kulia. Kulia kabisa. Msimu mzima niliziona nyuso zikigeukia kulia.

Kisha wote kwa pamoja: kushoto!

Mungu wangu. Wale watu walikuwa wamenielekea mimi. Kushoto kwao ndiko kulia kwangu! Nimeibeba filamu nzima kinyumenyume tangu ujana, mipaka yote hiyo, na hakuna aliyeniambia.

Nikasema kwetu ilifika imegeuzwa. Mtambo ulikuwa wa zamani. Daktari wa Meno akasogea ukingoni polepole, kama aliyeona tundu kwenye jego. Akasema, mzee mwenzangu, hebu fungua mdomo tukuangalie vizuri: wewe papa hujawahi kumwona.

Nikasema nimemwona. Akasema vyema sana, basi kesho, binti yako akiwepo, papa utakuwa wewe. Wakapiga makofi. Mama Mapazia akanivisha ile kofia, akalinyoosha pezi, akaninong'oneza kwamba nisipotaka nimwambie yeye. Nikamwambia nataka! Ulimi huu.

Nimepanda ngazi zote nikiwa na pezi kichwani. Mezani nikakuta picha ya ile nyumba ya wazee, binti ameiegemeza kwenye kikombe changu. Bustani ina mti mmoja.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nyumba tupu. Nikaamua kumwona papa mwenyewe kwanza, nife nikijua nimeuawa na nini. Nikaiweka ile filamu kwenye runinga, nikafungua mapazia yote. Nikakaa mbele, uso kwa picha, kama mtu aliyelipa.

Akatoka kushoto.

Ni mpira! Ni sanduku la safari lenye bawaba mbovu! Nikacheka kwa sauti. Kisha nikageuka nyuma, kama nilivyozoea, nione wenzangu wanacheka vipi.

Ukuta. Saa. Mashati ya mkwe kwenye kamba.

Seremala hayupo. Muuza vitambaa hayupo. Sijui siku ile tulipokimbia aliiweka wapi miguu yake. Nikaogopa kuliko siku zote za kazi yangu, na papa alikuwa hapo hapo mbele yangu mchana kweupe akitafuna mpira kwa mpira. Nikazima.

Mchana, bwawani. Binti amekuja na nguo za kazi, simu mkononi. Hakunitazama usoni. Alitazama goti.

Nikafika kwenye ngazi ya chuma. Ndipo nikagundua jambo. Ngazi ya bwawa hushukwa kinyumenyume! Mgongo kwa maji, uso kwa watu. Kazi yangu hiyo! Na wote walikuwa pale juu yangu, wamekaa ukingoni mstari mmoja, miguu majini, wakiimba ule muziki. Nikashuka. Maji magotini. Kiunoni. Kifuani. Nyuma yangu, kile kiza cha mraba. Nilikihisi kwenye kisogo, sikukipa macho. Nilitazama nyuso tu. Midomo ikaacha kutafuna. Mabega yakapanda. Mama Mapazia akainua miguu yake yote miwili kutoka majini, na binti yangu, mtu mzima, mwenye simu, akaushika mkono wa mwalimu bila kumwangalia.

Nikapiga mbizi ya kichwa tu, nikaibuka, nikafungua kinywa. Ukelele! Daktari wa Meno alipanua mdomo mpaka nikaona koromeo. Nikasema moyoni, nimeshinda. Nikanyoosha mguu chini.

Kitu kikaniuma kisigino.

Sisemi kwa mfano. Meno! Ya juu na ya chini!

Ngazi ya chuma siikumbuki. Nakumbuka barabara, breki, muuza magazeti akisema shikamoo na kuisahau katikati. Nakumbuka ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nakumbuka mlango wetu nikiwa nyuma yake, mananasi, pezi, nachuruzika. Fimbo nimeiacha bwawani.

Binti alifika baadaye, akihema kuliko mimi. Nilingoja maneno. Akakaa sakafuni, kwenye maji yangu, akacheka mpaka akalia, au alianza na kulia, sina hakika. Akasema, baba, ghorofa zote. Mbio. Kisha akapiga simu hapo hapo, akawaambia wale watu asanteni sana, mzee wangu anakaa nyumbani.

Nikajifungia bafuni kidogo. Sikunawa uso.

Meno ameyatoa mwalimu wa maji, kwa wavu wa kuopolea majani. Daktari wa Meno anadai nimemvunjia moja. Kwa kisigino!

Jumatatu, 10 Machi

Daktari wa mifupa amelibonyeza goti, akaliita muujiza. Anasema kama maji yamefanya haya kwa wiki moja, je, yakiachwa yaendelee? Ameniandikia bwawa mpaka mwisho wa mwaka! Nikataka kumweleza kwamba majini nilikaa muda usiotosha kuchemsha yai. Binti akanifinya.

Hata hivyo sasa najua kosa lilikuwa wapi. Hila ilikuwa nzuri. Mnyama ndiye mbaya. Papa amezoeleka, watu wanampenda kama shangazi mkali. Mkwe amenitafutia filamu nyingine, ya zamani zaidi: pweza, mkubwa kama soko, mikono kila mahali. Safari hii hawataingia hata bafuni! Jumatano, ukumbini. Nimebadilisha betri za tochi. Filamu sijaitazama na sina haja. Nitasimama mahali pangu.

Mama Mapazia amesema atakaa kiti cha mbele, nitakapoweza kumwona bila shida. Akaniuliza, pini mdomoni, macho kwenye cherehani, huyo pweza naye anatokea upande gani.

Nimemwambia kulia.