Foleni Yangu Chini ya Mnara wa Saa

Jumatatu, 10 Juni
Mvua. Wageni wangu leo: watatu, na mmoja alikuwa anaulizia choo. Ng'ambo ya barabara, Glenys Hatherley ana watu thelathini, wote wanacheka. Ana miaka miwili tu katika kazi hii ya kutembeza wageni. Mimi kumi na tisa! Niliwaeleza wangu kwamba Big Ben ni jina la kengele, si la mnara. Hawakujali.

Nyumbani nimekuta barua ya Bwana Ormerod, katibu wa chama chetu. Ijumaa saa nne kamili atapita kuhesabu. Nikiwa na watu chini ya ishirini, nafasi yangu chini ya mnara anapewa Glenys. Nafasi ile! Pale ndipo marehemu mke wangu Doreen, wakati huo mgeni tu kutoka Leeds, alipocheka utani wangu mpaka akashika ukuta. Siitoi ng'o.

Jumanne, 11 Juni
Nimevaa kofia ya manyoya, ile ya walinzi wa mfalme. Mvua ikainyeshea, rangi ikanichuruzikia usoni. Mtoto mmoja akaangua kilio. Glenys alivuka barabara na kikombe cha chai, akanipa pole. Niliinywa kwa hasira. Ilikuwa nzuri, bahati mbaya.

Jumatano, 12 Juni
Wazo! Nilikuta watu saba wamepanga foleni nje ya duka la samaki na chipsi. Mlangoni tangazo: limefungwa hadi kesho. Nikapanga nami, dakika ishirini nzima. Hakuna aliyeuliza kitu. Ndivyo tulivyo sisi Waingereza: ukiona mgongo wa mtu, unasimama nyuma yake, na kuuliza foleni ni ya nini ni kukosa adabu. Basi Ijumaa natengeneza yangu! Jirani yangu Norris amekubali kuwa wa pili, kwa kipande cha keki. Anasema huo ni ujanja ujanja. Nimemwambia ni ubunifu.

Ijumaa, 14 Juni
Saa mbili na nusu nilisimama nikiutazama ukuta, Norris nyuma yangu. Saa tatu: watu kumi na moja. Saa tatu na nusu: arobaini na saba! Mama mmoja alikuja na kiti chake. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Kisha chai ya asubuhi ikanibana. Nilikimbia chooni, dakika tano tu. Kurudi, Norris yuko mbele, hasogei hata inchi moja.

“Desmond, ndugu yangu, nakupenda,” akaniambia, “lakini foleni ni foleni.”

Yule mama wa kiti akaongeza kwamba mwisho uko kule darajani, mzee, kama sikuuona. Ningeweza kusema foleni ni yangu, na kwamba mbele hakuna kitu ila ukuta. Lakini kujipenyeza? Mbele za watu? Bora nife. Nikaenda nyuma. Wa hamsini na mbili.

Kengele ikagonga saa nne, Ormerod huyo. Alimuuliza Norris mwongozaji wa watu hawa ni nani. Norris akasema hajui, yeye anasubiri tu. Nilimpungia Ormerod mkono kutoka darajani. Naye akanipungia, akaniandikia sifuri, akaenda zake. Glenys akawahurumia watu wanaotazama ukuta, akaanza kuwasimulia, na wote wakamfuata. Hata Norris! Nafasi imekwenda. Nililia kidogo, kwa adabu.

Jumapili, 16 Juni
Sina pa kusimama. Nilitembea mpaka karibu na Mnara wa London, nikakuta foleni. Ndefu, imenyooka, ya kupendeza. Sikuuliza. Baada ya dakika hamsini nikafika mbele, na lo! Glenys, anaandikisha watu wa matembezi ya alasiri.

“Desmond, rudi pale kwenye mnara wa saa, tusimame wote wawili,” akasema. “Wewe unaijua kengele, mimi najua kuwachekesha. Peke yangu sipataki.”

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini nyuma yangu watu walishaanza kukohoa, na huwezi kuwachelewesha wenzako kwa mambo yako binafsi. Nikaomba radhi, nikapisha, nikarudi mwisho kabisa ili nijibu kwa zamu yangu.

Naandika haya nikiwa nimesimama. Mbele yangu wako sitini na wanne. Inasogea vizuri.