Kamati ya Kuzuia Konokono Wasioalikwa

Wananchi wa Bagamoyo, mnatangaziwa kwamba serikali yenu haijalala. Idara ya Mandhari ya Mapokezi imeunda Kamati Maalumu ya Kuzuia Konokono Wasioalikwa. Nami Shuaibu, mpiga kelele wa mikutano yote ya hadhara, nimeteuliwa kuwa mjumbe kwa matumaini kwamba nitanyamaza.

Konokono wenyewe wamo ndani ya tangi la kioo ukumbini mwa Idara. Tangi lina samaki wadogo wekundu na majani ya majini yaliyopandwa mchangani, kusudi mwananchi anayesubiri huduma tangu asubuhi aburudike. Nakumbuka ukumbi huo ulikuwa na mabenchi. Yalitolewa ili tangi lipate nafasi. Sasa mwananchi anaburudika akiwa wima.

Majani yalitoka kwenye bwawa la Bi Tatu wa Makurunge, anayefuga perege na kulea wajukuu kwa perege haohao. Siku ya kuyaleta alisema mbele yangu, "Yawekeni kwenye ndoo kwanza, muyaoshe, muyatazame wiki mbili tatu. Hayo yana mayai ya konokono."

"Bibi," akajibu Mkurugenzi Sadallah, "msafara wa mgeni rasmi umeshapita Chalinze. Unataka aje kuzindua ndoo?"

Yakatiwa tangini na tope lake. Mgeni akakata utepe, akapigiwa makofi, akalisha samaki.

Hapo ndipo utaratibu ulipozaliwa. Samaki wa serikali hawalishwi ovyo. Kila kikao kilifunguliwa kwa kuwalisha: kwanza Mkurugenzi, kisha makamu, kisha wakuu wa vitengo kwa kufuata vyeo. Kila mmoja alijaza kiganja, maana anayenyunyiza kidogo ataonekana haungi mkono. Samaki wakavimbiwa. Chakula kikazama, kikaoza. Konokono wakakila, wakazaana kwa kasi ambayo Idara haijawahi kuifikia katika jambo lolote.

Ndipo ikaundwa Kamati. Tukakaa kila siku kwa dharura, na kila siku tukafungua kwa kulisha samaki.

"Wameongezeka," akasema Mkurugenzi.

"Basi tuongeze vikao," akashauri katibu.

Nilinyoosha mkono, nikauliza kama samaki hawa wana njaa kweli. Nikaambiwa swali langu ni la kisiasa.

Hatimaye Kamati ikabaini chanzo: Bi Tatu. Ikaazimiwa bwawa lake limwagwe mrututu, ile dawa ya buluu inayoua konokono "na viumbe wengine watakaojitokeza."

Bi Tatu akaja anahema. "Mkurugenzi, mrututu ukiingia mle, perege wangu wote wataelea. Wajukuu zangu watakula nini, maazimio?"

"Utafidiwa, mama. Tutakupa semina ya konokono."

"Nyie watu! Si niliwaambia ndoo?"

"Lugha, mama. Lugha."

Kabla ya kumwaga, Kamati ikaenda ng'ambo kwa ziara ya mafunzo, kutazama matangi ya wenzetu. Nafasi yangu ilikwenda kwa shemeji yake Mkurugenzi, muuza viatu. Ukumbi ukafungwa. Mlinzi akaagizwa arushe punje chache tu asubuhi, kwa kuwa hana cheo.

Wakarudi baada ya mwezi, wamenawiri. Wakamwalika mgeni rasmi yuleyule aje amwage mrututu Makurunge mbele ya kamera. Yeye akataka kwanza kumwona adui. Tukamfuata ukumbini, wananchi tele, Bi Tatu mbele.

Tangi linameta. Majani mabichi, maji maangavu. Konokono mmoja yuko pembeni, kama aliyeachwa na gari.

"Wengine wako wapi?" akauliza mgeni rasmi.

"Wamedhibitiwa, mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na Kamati."

"Lini?"

Mkurugenzi akawatazama wajumbe. Wajumbe wakatazama mabegi yao, bado yana vibandiko vya uwanja wa ndege.

"Mheshimiwa mwanangu," akasema Bi Tatu, "hawa walipokuwepo, konokono walijaa mpaka samaki hawaonekani. Wameondoka, konokono wamekwisha. Sasa hiyo dawa unaimwaga kwangu kwa lipi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mgeni rasmi alitaka kukasirika, lakini kamera zilikuwa zinamkodolea macho, naye ni mtu wa kamera. Akatamka kwamba bwawa la mama huyu lisiguswe, na kwamba Mkurugenzi na Kamati yake wakae mbali na jengo hili kwa muda usiojulikana, kwa manufaa ya umma.

"Mheshimiwa, naomba nifafanue," akaanza Mkurugenzi.

"Fafanua ukiwa mbali."

Tukapiga makofi. Mgeni rasmi akanogewa, akamgeukia Bi Tatu. "Kuna kero nyingine, mama?"

"Ipo. Bomba letu halijatoa tone tangu mwaka juzi. Watu wa maji nao wapelekwe ziara. Na wa ardhi."

Kisha akamtazama mgeni rasmi, taratibu, kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Na weye mwanangu, mbona siku nyingi hujasafiri?"